Flaiwili Nyepesi na Pikipiki ya Kazi

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo linalobishaniwa sana mabwenini muhula huu, na huko nyumbani pia wakati wa likizo. Jambo lenyewe ni hili la vijana wenye pikipiki kufungua injini, kuitoa flaiwili, kuipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma, na kuipunguza unene ili iwe nyepesi. Wanasema pikipiki iliyofanyiwa hivyo huamka upesi, na kwamba hupanda mlima kwa nguvu kuliko ilivyokuwa. Wenzangu wengi wanaamini hivyo, na wako walioapa kwamba siku watakayopata pikipiki zao, kazi ya kwanza itakuwa hiyo. Mimi naona kwamba kwa pikipiki ya kubebea watu na mizigo jambo hili ni hasara tupu, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuona injini ikifunguliwa, nieleze kidogo. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya kranki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Katika pikipiki zetu ndogo, zenye silinda moja na ujazo wa sentimita 125 au 150, flaiwili ina umbo la bakuli, na ndani ya ukingo wake zimepangwa sumaku zinazosaidia kutengeneza umeme wa taa na wa betri. Injini ya namna hii hupata mlipuko mmoja tu katika kila mizunguko miwili. Pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, ikapanda ikivibana, ikashuka kwa nguvu ya moto, ikapanda tena kutoa moshi. Katika safari hizo nne ni moja tu inayoleta nguvu. Ni nani basi anayeisukuma pistoni katika hizo tatu? Ni flaiwili, pamoja na vile vipande vizito vya kranki yenyewe vilivyofichika ndani. Hupokea nguvu wakati wa mlipuko, ikaiweka akiba katika mwendo wake, ikairudisha kidogo kidogo mpaka mlipuko mwingine.

Mama yeyote mwenye cherehani cha miguu anaijua kazi hii, ingawa hakupata kuisoma kitabuni. Kanyagio likifika juu kabisa au chini kabisa, mguu hauna uwezo wa kuzungusha kitu. Gurudumu hupita mahali pale kwa sababu tayari lilikuwa katika mwendo. Na wazee watazikumbuka mashine za kusaga zilizoendeshwa na injini ya Lister kutoka Uingereza, zenye magurudumu mawili makubwa, moja kila upande, zikienda mizunguko 650 tu kwa dakika. Mwenye mashine aliizungusha kwa mkono huku silinda imeachiwa pumzi, na magurudumu yakishapata kasi aliirudisha pumzi, injini ikawaka yenyewe. Bila uzito ule hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuipitisha pistoni juu. Sijasikia kwamba mwenye mashine yeyote alitamani kuyakereza magurudumu yake.

Sasa, kwa nini vijana wanasadiki kwamba wepesi ni nguvu? Kaka yangu, ambaye huendesha bodaboda, aliniambia likizo iliyopita, "Wewe mdogo wangu unasoma vitabu, mimi naisikia injini kwa masikio yangu." Alikuwa ameijaribu pikipiki ya mwenzake iliyokerezwa, akakaa juu yake pale kijiweni, akazungusha mkono wa mafuta, na injini ikapiga kelele mara moja kama mbwa aliyekanyagwa. Sikumbishia hata kidogo, maana aliyoyasikia ni kweli. Injini yenye flaiwili nyepesi hupanda mizunguko upesi zaidi, na hushuka upesi zaidi. Lakini angalieni mahali alipoijaribu: pikipiki ilikuwa imesimama, haijaingizwa gia, haina abiria. Hapo injini haina mzigo mwingine wa kuharakisha ila viungo vyake yenyewe, na flaiwili ni sehemu kubwa ya mzigo huo. Ukiupunguza, lazima tofauti isikike. Kijiweni ndipo mahali ambapo flaiwili nyepesi huonekana bora kuliko mahali pengine popote, na kijiweni hakuna mtu anayelipa nauli.

Tuiweke basi barabarani, tufanye hesabu. Sisi wa Kidato cha Tano na cha Sita tumefundishwa kanuni ya mwendo wa mzunguko, nasi huisoma kwa Kiingereza, tukaifaulu kwa Kiingereza, halafu tukaiacha darasani. Kanuni yasema kwamba uzito ulio ukingoni huhesabiwa kwa kuzidisha kilo zake na nusu-kipenyo mara mbili. Tuchukue ukingo wa flaiwili wenye kilo moja na nusu, ulio umbali wa sentimita 5 kutoka katikati. Tuchukue gurudumu la nyuma lenye nusu-kipenyo cha sentimita 30, na tuseme kwamba katika gia ya kwanza injini huzunguka mara 30 wakati gurudumu linapozunguka mara moja, na katika gia ya mwisho mara 10. Hesabu ikifanywa, ukingo ule katika gia ya kwanza ni kama mzigo wa kilo 37 na nusu uliowekwa juu ya pikipiki wakati inapoharakisha. Katika gia ya mwisho ni kama kilo 4 tu.

Haya, fundi ameondoa nusu kilo, yaani theluthi moja ya ukingo wote. Faida yake katika gia ya kwanza ni kama kupunguza mzigo wa kilo 12 na nusu. Pikipiki, dereva, abiria na gunia lake la mkaa haviwezi kupungua kilo 250, kwa hiyo tumepata sehemu 5 katika mia, na gia ya kwanza haidumu ila kwa muda wa pumzi mbili tatu. Katika gia ya mwisho tumepata kama kilo moja na nusu hivi ukikadiria kwa ukarimu, ambayo ni chini ya uzito wa kuku. Anayetaka wepesi wa namna hiyo na aache kubeba mishikaki. Abiria mmoja akishuka, pikipiki imepungua kilo 60 bila kufunguliwa hata skrubu moja, na sheria nayo imetimizwa.

Na hayo yote ni wakati wa kuongeza mwendo tu. Pikipiki inayokwenda kwa mwendo ule ule, au inayopanda mlima mrefu bila kuongeza kasi, haipati kitu chochote kutokana na wepesi wa flaiwili, hata chembe. Flaiwili haitengenezi nguvu, wala haili nguvu ikiwa mwendo wake haubadiliki. Nguvu ya kupanda mlima hutoka katika moto wa silinda. Mtu akikwambia kwamba pikipiki yake sasa yapanda mlima vizuri kwa sababu ya kukereza, muulize kama siku hiyo hiyo fundi hakusafisha kabureta na kubadili plagi.

Kinyume chake, mlimani ndipo hasara inapoanza. Akiba ya flaiwili haiendi sawa na mizunguko, bali huenda kwa mizunguko mara mizunguko. Injini ikingoja bila kuvuta, huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Ikifika 7,000, mizunguko imekuwa mara 5, lakini akiba imekuwa mara 25. Ukingo ule wa mfano wetu una joule 40 hivi chini, na joule 1,000 juu. Maana yake ni kwamba injini ikienda kasi ina akiba tele hata ukiiibia kidogo, lakini ikienda polepole akiba yake ni haba tangu mwanzo, na hapo ndipo dereva wa bodaboda anapofanya kazi yake: anapoondoka na mama mwenye mtoto mgongoni, anapopita katikati ya soko, anapozunguka shimo lililojaa maji, anapoanza kupanda akiwa na magunia. Ukiondoa theluthi ya akiba mahali hapo, injini hutetemeka, hukohoa, na klachi ikiachiwa upesi kidogo huzimika. Kuzimika katika tambarare ni usumbufu tu. Kuzimika katikati ya mteremko wa udongo mwekundu wakati wa masika, pikipiki ikaanza kurudi nyuma na abiria juu yake, ni habari nyingine.

Ili kuepuka hayo dereva hujizoeza kuongeza mafuta zaidi kila anapoondoka, na kuitelezesha klachi kwa muda mrefu. Basi sahani za klachi huisha mapema. Na wale wanaosema kwamba flaiwili nyepesi hupunguza gharama ya petroli, nimewafanyia hesabu yao pia. Nusu kilo iliyoondolewa huokoa kama joule 320 kila mara injini inapopandishwa kutoka mizunguko 1,400 hadi 7,000. Lita moja ya petroli ina joule kama milioni 32, na tuseme robo moja tu ndiyo inayofanya kazi. Itambidi dereva apandishe injini namna hiyo zaidi ya mara 20,000 ndipo aokoe lita moja. Nadhani klachi itakuwa imekwisha kabla ya hapo.

Haifai kubisha upande mmoja tu. Wako watu ambao flaiwili nyepesi inawafaa kweli, nao ni washindani. Katika mbio za barabarani au za uwanja wa matuta, mshindani hubadili gia kila mara, injini yake haishuki chini ya mizunguko mingi, na sehemu ya kumi ya sekunde ndiyo tofauti ya kwanza na ya pili. Ana fundi wake, na injini hufunguliwa mara kwa mara. Huyo na akereze. Lakini hata katika michezo ya pikipiki si wote wanaotaka wepesi. Uingereza na Hispania kuna mashindano ya kupita juu ya mawe, mizizi na vijito pasipo kuweka mguu chini, na mshindi si mwenye mbio bali ni yule asiyegusa ardhi. Sammy Miller alishinda mashindano ya siku sita ya Scotland mwaka 1965 akiwa na Bultaco. Kwa mchezo wa namna hiyo waundaji huweka flaiwili nzito, ili injini iende polepole bila kuzimika na gurudumu la nyuma lishike badala ya kuteleza. Wako pia wapanda pikipiki wa porini wanaonunua chuma cha kuongeza juu ya flaiwili zao. Sasa nawauliza wenzangu: bodaboda inayotoka stendi kwenda kijijini baada ya mvua yafanana na mchezo gani, ule wa mbio au huu wa mawe na matope?

Tuje kwenye kazi yenyewe ya kukereza, maana hapo ndipo penye hatari ambayo hesabu za darasani hazikuieleza. Likizo iliyopita nilikaa siku tatu katika karakana ya jirani yetu mmoja, mzee mwenye subira, ambaye hunipa ruhusa ya kutazama mradi nimemwamkia na nisiguse kitu. Siku ya pili kijana mmoja alileta pikipiki ikisukumwa. Ilikuwa imekerezwa mahali pengine, ikakataa kuwaka. Mzee aliifungua, akacheka bila furaha, akanionyesha. Katika flaiwili nyingi za siku hizi kuna kinundu kidogo kilichotokeza nje ya ukingo. Kila kinapopita mbele ya koili ndogo ya pembeni, ndipo mtambo wa umeme hupata habari kwamba wakati wa kupiga cheche umefika. Aliyekereza alikiona kinundu kile akadhani ni takataka ya kiwandani, akakinyoa pamoja na mengine. Chuma kikawa laini na cha kupendeza kama sahani ya harusi, na injini haikupata cheche tena. Hapakuwa na dawa ila kununua flaiwili nyingine.

Kuna na sumaku. Ukingo wa chuma nje ya sumaku si pambo, bali ndiyo njia ya nguvu ya sumaku kupita kutoka moja hadi nyingine. Ukiufanya mwembamba mno, njia huwa finyu, umeme hupungua, na usiku taa huwa ya manjano kama kibatari. Wengine huitoa flaiwili kwa kuigonga kwa nyundo kwa sababu hawana kifaa chake cha kuivutia. Nyundo hupasua sumaku, na huweza kuipinda kranki. Wakiirudisha huisahau au huiharibu ile chuma ndogo yenye umbo la nusu mwezi inayoiweka flaiwili mahali pake, na ikikaa upande, cheche nayo hupigwa wakati usio wake.

Zaidi ya hayo kuna jambo la usawa. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, kitu cha gramu moja kilicho sentimita 5 kutoka katikati huvuta kwenda nje kama uzito wa kilo 3 na nusu. Fundi akikereza flaiwili iliyokaa kombo kidogo katika mashine yake, upande mmoja ukabaki na gramu 5 zaidi ya mwingine, kranki na bearingi zake zitavutwa na nguvu kama ya kilo 17, ikigeuka upande huu na huu mara 133 kila sekunde. Hata chuma kigumu huchoka. Na flaiwili ikipasuka haitoi taarifa kwanza. Iko sentimita chache tu kutoka mguu wa kushoto wa dereva katika pikipiki nyingi tulizo nazo, na kifuniko chake ni cha aluminiamu nyembamba.

Kwa wazazi wetu nina neno la upande wa fedha. Vijana wengi wanaoendesha bodaboda hawana pikipiki zao wenyewe. Wako kwenye mkataba: kila siku hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na wakimaliza muda waliokubaliana chombo huwa chao. Kaka yangu ni mmoja wao, naye amebakiza miezi saba. Siku injini isipowaka, hesabu ya siku ile haikomi, huhamia kesho yake. Akiiharibu kranki, ametia hasara mali ambayo bado si yake, na mkataba waweza kuvunjwa, miezi yote aliyokwisha lipa ikapotea. Ndiyo sababu nimeliona jambo hili kuwa kubwa kuliko ubishi wa vijana. Ada yangu ya chakula na sare hutoka katika kiti kile cha pikipiki.

Mtu atasema, basi anayetaka pikipiki yake ivute zaidi afanye nini? Afanye mambo ya kawaida ambayo hayana sifa kijiweni. Asafishe chujio la hewa, aipime nafasi ya tapeti, aukaze mnyororo kwa kadiri yake, ajaze matairi upepo. Kama njia yake ni ya milima na bado haridhiki, abadili sproketi ndogo ya mbele kutoka meno 14 hadi 13. Nguvu katika gurudumu la nyuma itaongezeka kwa sehemu 7 na zaidi katika mia, katika gia zote, mlima mrefu na mfupi, na si kwa pumzi mbili tatu. Atapoteza kidogo katika mwendo wa mwisho, ambao kwa bodaboda si vibaya upotee. Na akijuta, huirudisha ile ya zamani, jambo lisilowezekana kwa chuma kilichokwisha kerezwa.

Nimemwandikia kaka hesabu hizi zote kwa Kiswahili katika karatasi mbili. Amejibu kwamba atafikiri, na kwamba mwenzake yule mwenye pikipiki iliyokerezwa bado anamcheka kwa kuwa na injini ya kizee.

Lakini karatasi haina sauti ya kushindana na ile ya kijiweni. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wetu wa fizikia. Katika kabati la maabara mna flaiwili ya majaribio, ile inayofungwa ukutani na kuzungushwa kwa uzi na jiwe la mizani, ambayo hutolewa mara moja kwa mwaka kwa ajili ya Kidato cha Tano. Siku ya wazazi muhula ujao naomba itolewe nje, ifungwe chini ya mwembe, na waalikwe madereva wa kijiwe kilicho langoni petu. Mimi na wenzangu wawili tuko tayari kuifunga, kuieleza kwa Kiswahili, na kujibu maswali yao.